Mjomba, Huku Tunasalimiana kwa Lugha Mbili kwa Mpigo

Montreal, Canada

Mjomba,

 

Mji huu unazungumza Kifaransa kwa sheria na Kiingereza kwa mazoea. Ukiingia dukani, muuzaji anakupokea kwa "Bonjour-Hi", zote kwa pumzi moja, kisha anasubiri uchague upande. Salamu hiyo imewahi kufika bungeni. Mwaka 2017 Bunge la jimbo la Quebec lilipitisha azimio, bila hata kura moja ya kupinga, kuwaomba wenye maduka waseme "Bonjour" na waishie hapo. Azimio si sheria, na muuzaji wa duka la chini ya ghorofa letu hajalisikia mpaka leo.

Mimi nasoma Kifaransa katika darasa la bure ambalo serikali huwawekea wahamiaji. Nikipokewa hivyo nakaza roho, najibu "Bonjour" kwa sauti ya mtu aliyezaliwa mtaa wa pili. Muuzaji anaisikia Tanga nzima kwenye ile "r", ananionea huruma, anahamia Kiingereza. Mimi naendelea na Kifaransa. Yeye anaendelea na Kiingereza. Tunafika kwenye chenji hakuna aliyekubali kushindwa, na waliopanga foleni nyuma yangu wanakohoa.

Usidhani hao wenye Kifaransa chao wanakilinda kwa utani. Tangu 1977 wana sheria, wenyewe huiita Sheria 101, na ofisi nzima ya kuisimamia. Kibao cha kusimamisha magari huku kimeandikwa "ARRÊT". Kule Ufaransa kwenyewe kimeandikwa "STOP". Mwaka 2013 mkaguzi wa ofisi hiyo alimwandikia mwenye mgahawa wa Kitaliano kwamba menyu yake ina Kitaliano kingi mno, likiwemo neno "pasta". Dunia ikacheka, na mkuu wa ofisi akaachia kiti. Lakini kaa nao kazini uwasikie: jambo likiwafurahisha ni "c'est le fun", miadi ikivunjika ni "j'ai cancellé".

Na nyumbani je? Tumepanga watatu: mimi, Mkongo wa Bukavu na Mkenya wa Nakuru. Wote tunasema Kiswahili, kila mtu na chake. Asubuhi Mkongo anaaga, "Bon, niko naenda ku travail, mais chakula iko mu frigo." Mkenya anachomoka bafuni, "Manze nimemiss basi, na boss alisema nikichelewa tena atanifire!" Mimi nawajibu wote "haya", na hakuna aliyebaki bila kuelewa. Kasheshe ni siku ya kodi. Mkongo akishika pesa anahesabu kwa Kifaransa tu. Mkenya anajumlisha kwa Kiingereza. Nikitaja kiasi kwa Kiswahili wote wawili wananyamaza, macho juu darini, kila mmoja anabadilisha fedha kichwani.

Sasa nasikia umemlalamikia dada kwamba nimeharibika, eti nilikwambia "nimecancel appointment", wewe uliyefundisha Kiswahili mpaka ukastaafu. Naomba kujitetea.

Yuko mwanaisimu wa Chuo Kikuu cha Ottawa, mji wa jirani, anaitwa Shana Poplack. Mwaka 1980 alichapisha utafiti juu ya Wapuerto Rico 20 wa New York wanaochanganya Kihispania na Kiingereza. Alikuta kwamba waliohama lugha katikati ya sentensi ni hasa wale wanaozimudu zote mbili. Wasiozimudu walichomeka kineno pembeni tu, basi. Na katika kuchanganya kwao, sarufi za lugha zote mbili zilibaki salama. Itazame basi hiyo "nimecancel" yangu: "ni" ya kwetu, "me" ya kwetu. Carol Myers-Scotton, aliyechunguza mazungumzo ya watu wa Nairobi, anaeleza kwamba katika mchanganyo kama huo lugha moja huwa mwenye nyumba na nyingine mpangaji. Kiingereza kwangu ni mpangaji, Mjomba, na hajagusa ukuta hata mmoja. Hutamsikia hata mlevi akisema "I-me-ghairi".

Halafu tuje kwako. Kwa wauza mboga wa Lushoto bei unaipatana kwa Kisambaa. Msibani unatoa Kiarabu. Karani wa halmashauri akikuzungusha unampandishia Kiingereza mpaka foleni nzima inakaa wima kama darasa la saba. Na mlipotaka kutujadili sisi watoto tukiwa hapo hapo mkekani, wewe na Bibi mlihamia Kidigo. Tulijifanya hatusikii, ndiyo maana leo mimi Kidigo nakijua. Hakuna aliyesema umeharibika. Tulikuwa tunajivuna mitaani kwamba mjomba wetu hakosi lugha.

Kwa hiyo kesi yangu naomba ifutwe. Na ukiona bado nastahili kusemwa, nipigie uniseme kwa Kidigo, maana simu yangu imeharibika, inatoa sauti kwa spika tu, na hawa wawili Kiswahili wanakielewa chote.

Wasalaam,
Mpwa wako