Tulivyohamia Msituni kwa Siku Moja

Mkazi wa Kisumu huingia Impala Park kwa sababu mbili. Ya kwanza ni safari ya shule ya msingi, ile ambayo mwalimu huhesabu watoto wakati wa kuingia na kumwomba Mungu wakati wa kutoka. Ya pili ni mgeni kutoka Nairobi. Kati ya sababu hizo mbili inaweza kupita miaka thelathini. Muda huo wote mtu hupita barabara ya Dunga akienda kula samaki, akaitupia jicho ile miti mikubwa ya kando ya ziwa na kujiambia, "Siku moja nitaingia." Siku hiyo haiji mpaka mgeni aje.

Mgeni wetu alikuwa binamu yangu. Kabla hajamaliza hata chai ya kumkaribisha, Waya alikuwa ameshatangaza kwamba familia nzima itampeleka kupunga hewa na kuona wanyama. Waya ni dada mkubwa wa baba yangu, mweka hazina wa chama cha akina mama mtaani, na mwenyekiti wa kila jambo ambalo hakuna aliyemchagua kuliongoza. Akishatangaza, hakuna mjadala, kuna kufungasha tu.

Hifadhi hiyo ya Impala ilitangazwa rasmi mwaka 1992 ili kundi dogo la swala pala waliobaki kando ya mji wapate mahali pa kuishi. Ukubwa wake haufiki nusu ya kilomita mraba. Ndani yake mna miti ya kivuli, tumbili wasiohesabika, ndege wa kila sauti, na viboko wanaopanda kutoka ziwani usiku kuja kula nyasi. Yumo pia nzohe, swala wa kinamasi, ambaye akishtuka huzama majini na kubakiza pua tu juu. Simba na chui wako vizimbani. Kwa mahali padogo hivyo, mtu mwenye akili zake angebeba kofia na maji. Sisi tulijaza tuktuk mbili.

Tulibeba sufuria la ngege wa kukaanga, ugali uliofunikwa kwa leso, chapati za kulisha kwaya, birika, mkeka, viti, mwavuli wa kanisani na spika ya binamu yenye uwezo wa kusikika mpaka Kondele. Nitaisimulia siku hiyo kwa kufuata mizigo, maana kila balaa lililotupata lilitoka kikapuni. Msitu wenyewe haukutufanyia lolote.

Tuanze na mifuko.

Askari wa langoni alikuwa kijana mpole. Alimwamkia Waya kwa heshima zote, akaomba kuona kikapu. Chupa za maji za plastiki zikatoka, na vikombe, na sahani zile nyepesi ambazo upepo huzichukua kabla yako. Akaeleza kwamba tangu tarehe 5 Juni 2020 plastiki za kutumiwa mara moja haziruhusiwi katika mbuga, misitu na maeneo mengine ya hifadhi nchini.

"Mwanangu," Waya akasema, "hizi si za kutumiwa mara moja. Sahani hizi zimekula arusi tatu na matanga mawili."

Askari akazidi kuchimba, akakuta mfuko wa plastiki wa dukani, wa zama zile. Ndani ya mfuko mlikuwa na mfuko, na ndani ya huo mwingine, kwa maana Waya hajawahi kukubali kwamba marufuku ya tarehe 28 Agosti 2017 ilimhusu na yeye. Kijana akawa anaivuta mmoja baada ya mwingine kama mfanya mazingaombwe, na watoto wakaanza kupiga makofi. Alipomaliza akaeleza, bado kwa upole, kwamba sheria inataja faini ya kati ya shilingi milioni 2 na milioni 4, au kifungo cha mwaka mmoja hadi minne.

Kusikia hivyo Baba Mdogo, mdogo wake Waya wa tumbo moja, alirudi nyuma hatua kadhaa na kuanza kuusoma ubao wa viingilio kwa makini ya mtu aliyekuja peke yake.

Askari hakumshtaki mtu. Alisema tu kwamba swala hana namna ya kutofautisha jani na karatasi ya plastiki inayonukia chumvi. Huimeza, tumbo huziba, naye hufa kwa njaa huku amejaa. Waya alinyamaza kidogo, jambo la nadra, akaisalimisha mifuko yote. Kisha akadai risiti.

Chapati sasa zilihamia kwenye leso. Leso haina mfuniko, na hapo ndipo tunafika kwa tumbili.

Tumbili wa Impala wana adabu zao, na wana maumbile yao pia. Dume ana sehemu za siri za rangi ya samawati iliyokolea, jambo ambalo shule ya Jumapili haikuwa imewaandaa watoto wetu kulipokea. Mmoja akauliza kwa sauti ya kusikika na wageni wengine. Waya akajibu bila kupepesa macho kwamba hiyo ni sare ya kazi, akawahimiza watembee.

Binamu yeye hakutembea. Alikata kipande cha chapati akakirusha, ingawa alikuwa ameegemea bango linalokataza kulisha wanyama. Kipande kilipokelewa hewani.

Watafiti Dorothy Cheney na Robert Seyfarth waliwasikiliza tumbili wa Amboseli kuanzia miaka ya 1970. Walionyesha kwamba wanyama hawa wana mlio mmoja wa kutangaza chui, mwingine wa tai na mwingine wa nyoka. Wakisikia wa chui hukimbilia mitini. Wa tai, hutazama juu. Wa nyoka, husimama kwa miguu miwili na kuchungulia nyasini. Mlio wa chapati haumo katika utafiti huo, lakini nathibitisha kwamba upo. Ulitolewa mara moja, na matawi yote juu yetu yakaanza kutikisika.

Waliteremka kwa mpangilio. Wadogo walikwenda kwenye leso, wakubwa wakasimamia usalama, na mzee mmoja mwenye sare kamili akaupita ugali, akawapita ngege, akauchukua mkoba wa Waya. Akapanda nao mpaka tawi la juu, akakaa, akaufungua zipu. Naam, aliufungua zipu.

Vitu vikaanza kushuka. Kitambaa cha mkono. Miwani. Tembe za presha. Agano Jipya dogo, ambalo alilinusa kwanza kisha akaliachia. Waya alimwita kwa Kiswahili, kwa Kijaluo, na kwa majina ya manabii. Mwishowe likatoka daftari la chama. Tumbili alilifungua magotini, akapekua kurasa kwa utulivu ambao wakaguzi wa hesabu hawajawahi kuuonyesha mtaani kwetu, akang'oa ukurasa mmoja na kuanza kuutafuna.

"Ni ukurasa upi huo?" Baba Mdogo akauliza.

"Wa madeni!" Waya akalia.

Baba Mdogo alimtazama yule tumbili kwa muda mrefu. "Wanyama hawa," akasema, "lazima walindwe kwa hali na mali." Yeye ambaye asubuhi alikuwa akilalamikia kiingilio, sasa alikuwa mhifadhi wa mazingira.

Askari aliyekuja kusaidia hakucheka, au alicheka akiwa amegeuka. Alitueleza kwamba chakula cha tumbili ni matunda, majani, maua, mbegu na wadudu, na vyote vimo humo msituni. Akionjeshwa chapati, kesho hataomba, atanyang'anya; kesho kutwa atamng'ata mtoto. Maradhi nayo hupita pande zote mbili, yake kuja kwetu na yetu kwenda kwake. Na siku kesi ikifika, anayeadhibiwa si mwenye chapati. Binamu akatazama viatu vyake vyeupe, ambavyo kwa wakati huo havikuwa vyeupe tena.

Baada ya hapo tulikuwa na mzigo mwepesi, kwa hiyo tukatembea mpaka Dunga kupanda boti. Ilibaki spika.

Kijana mwongoza wageni alitugawia maboya ya kuvaa. Waya akasema lake haliendani na gauni. Kijana akamwambia, "Sawa, Mama, tutangoja," akakaa. Baada ya muda Waya akalivaa, akaliita mapambo.

Kinamasi cha Dunga ni ukuta wa mafunjo marefu kuliko mtu, na kazi yake ni kubwa kuliko sura yake. Maji yanayoshuka kutoka mjini na mashambani hupita katika mizizi ya mafunjo hayo kabla ya kufika ziwani, na matope na uchafu mwingi hubaki humo. Samaki huzalia humo, na akina mama wa ufuo hukata mafunjo ya kusukia mikeka na vikapu. Yumo pia ndege mmoja mweusi mwenye kifua chekundu na utosi wa manjano, gonoleki wa mafunjo, ambaye makao yake ni mafunjo tu. Ukiyafyeka, umemfukuza na hana pa kwenda. Kijana alizima injini na kutuonya kwamba ndege huyo husikika kabla ya kuonekana, kwa hiyo tunyamaze.

Tulinyamaza sote isipokuwa Baba Mdogo, aliyeona kwamba ukimya bila muziki wa benga ni hasara. Akaiunganisha simu yake na spika ya binamu. Lakini kabla wimbo haujaanza, simu ikaita, akaipokea, na sauti ya mwajiri wake ikatanda juu ya kinamasi chote.

"Ndugu yangu, pole sana kwa msiba. Mmeshazika?"

Ndipo tulipojua kwamba Baba Mdogo alikuwa ameomba ruhusa ya kwenda matangani Ugenya.

Alibadilika uso, akabadilika sauti. "Bado, mkubwa," akanong'ona kwa huzuni. "Tuko katika taratibu." Huku mkono mmoja ukiitafuta swichi ya spika, mwingine ukimwashiria kijana atuondoe hapo haraka. Kijana akawasha injini. Injini ikakohoa na kufa. Tulikuwa tumeelea taratibu mpaka katikati ya gugumaji, lile jani la Amerika Kusini lililoonekana katika ziwa hili mwishoni mwa miaka ya 1980 na tangu hapo halijawahi kuombwa kibali na mtu. Mizizi ilikuwa imelikaba panga la injini.

"Nasikia kama maji," mwajiri akasema.

"Ni mvua, mkubwa."

Wakati huohuo kitu kikapumua kwa kishindo nje ya mafunjo, na masikio mawili madogo yakaibuka. "Kiboko!" Waya akapiga ukelele. "Uwi! Kiboko! Tumekwisha!"

Spika ikanyamaza kidogo. "Ni nani huyo analia hivyo?"

"Dada wa marehemu," akajibu Baba Mdogo. "Imemgusa sana."

Kijana wa boti alikuwa tayari ameshika kasia na kutusogeza kando polepole, bila kelele. Aliyetaka kusogea mbele alikuwa binamu, simu mkononi, akiomba picha ya karibu kidogo tu. Kijana alimjibu bila kugeuka: "Kaka, ninaweza kukusogeza. Lakini picha itaishia wapi, hilo ataamua yeye." Akaeleza kwamba kiboko mzima hupita tani moja na nchi kavu hufikia kilomita 30 kwa saa. Hangoji mtu awe mbaya ndipo amvamie. Inatosha mtu kusimama kati yake na maji ya kina. Kwa hiyo mkiwa majini mpeni nafasi, na giza likiingia msitembee ufuoni, maana hapo yeye ndiye anayetoka kwenda kula.

Mwajiri alikata simu baada ya kuahidi mchango wa rambirambi. Spika nayo ikaishiwa na moto. Kijana akachomoa mizizi kwa mkono, na tukiwa tumekaa tumechoka, hakuna aliyebaki na la kusema, mafunjo yakaita upande mmoja na kujibiwa upande wa pili. Gonoleki wawili. Walikuwa pale tangu mwanzo. Ni sisi tuliokuwa hatujawapa nafasi ya kuingiza neno. Mmoja akajitokeza, mwekundu kifuani, akatukagua, akaondoka. Binamu alimwona kwa macho yake, kwa kuwa mikono yake ilikuwa imeshikilia boti.

Nimesikia watu wakisema kwamba kanuni za hifadhi zimetungwa kutuharibia raha. Kwa tuliyoyaona, ni orodha tu ya vitu vya kuacha nyumbani, na imeandikwa na watu waliokwisha kuona kikapu cha Waya. Ukiacha plastiki, huna la kubishania langoni. Ukiacha kurusha chapati, mkoba wako unabaki begani. Ukizima spika, unasikia ulichokwenda kukisikia, na mwajiri wako anabaki na imani yake. Chupa ya chuma ya maji, kofia na viatu visivyoogopa tope vinatosha; tena hata mkono mmoja unabaki mtupu wa kumshika mtoto.

Wiki iliyofuata Waya alitangaza kwenye grupu ya familia kwamba safari ijayo ni Kisiwa cha Ndere, ile mbuga ya taifa iliyotangazwa mwaka 1986, inayofikiwa kwa boti tu. Safari hii, akaandika, hakuna mizigo: kila mtu aje na maji yake na adabu yake. Wote wakajibu kwa alama ya dole gumba. Baba Mdogo peke yake ndiye aliyekuwa na ombi. Aliandika: "Naunga mkono mia kwa mia, dada. Ila wewe usisahau lile daftari jipya."