Mkokoteni Usio na Breki

Mimi ni mtoto wa mvuta mkokoteni. Baba alisomba viazi, maembe na vitunguu kutoka soko la Kongowea, Mombasa, akalipa karo yangu mpaka nikapata kazi ya kukaa kitini mbele ya kompyuta huku Utah, Marekani. Kwa hiyo jirani yangu alipobisha hodi Julai moja na kunialika mimi na familia yangu tukavute mkokoteni kwa kujifurahisha, nilimwomba arudie.

Akarudia, tena kwa bashasha. Tarehe 24 Julai ni sikukuu Utah. Siku hiyo mwaka 1847, kiongozi wa dini Brigham Young na waumini wenzake, Wamormoni, waliokuwa wakikimbia mateso waliingia bonde la Salt Lake. Waumini maskini waliowafuata baadaye, wengi kutoka Uingereza na Skandinavia, hawakuwa na fedha za magari ya ng'ombe, wakapewa mikokoteni. Kati ya 1856 na 1860 watu wapatao 3,000 waliivuta kwa mikono yao wenyewe, wengi wao wakianzia Iowa City, zaidi ya kilomita 2,000. Nyanya wa nyanya yake jirani alikuwa mmoja wao. Ndiyo maana kila mwaka ukoo wake hukutana kuwaenzi mapainia hao.

"Ni burudani ya familia," akasema. Nami kwa kuwa ujirani ni kitu kikubwa, nikakubali.

Saa tatu asubuhi jua lilikuwa limeshakasirika. Wanawake walivaa magauni marefu na kofia za kitambaa za kufunga kidevuni. Mama watoto naye akapewa yake. Akashukuru, akaitia mkobani, akajitanda leso. Hadi adhuhuri, wanawake watatu walikuwa wamemzunguka wakiuliza leso inanunuliwa wapi, na kofia zao zimelala nyasini.

Mchezo wa kwanza ulikuwa wa mizigo. Painia wa mkokoteni aliruhusiwa takriban kilo 8 tu: nguo, matandiko na vyombo vyake vyote. Kila mtoto akapewa mfuko na mzani. Mama watoto, ambaye aliwahi kubishana na mhudumu wa ndege kwa nusu saa kwamba dagaa hawahesabiwi kwenye kilo 23, alicheka mpaka akakaa chini.

Kisha ikaja kazi ya siagi. Unatia malai kwenye chupa, unafunga kifuniko, unatikisa mpaka mkono ukuombe radhi. Mwanangu wa miaka sita alitikisa kwa imani kubwa kuliko wote. Kifuniko pekee ndicho kisichokuwa na imani hiyo. Shangazi mmoja wa jirani aligeuka mweupe kuliko alivyokuja.

Tukapewa pia biskuti za safari: unga, maji na chumvi, zikaokwa mpaka zikawa kigae. Nilipouma, nikasikia kitu kikilia ka! Nikaitazama biskuti. Ilikuwa nzima. Nikajua basi ni jino.

Hatimaye wakauleta mkokoteni wenyewe. Magurudumu mawili ya mbao, sanduku katikati, mikono miwili mbele na gongo la kukingama kifuani. Moyo ukanidunda. Nilipokuwa mdogo nilimsukumia baba kila likizo. Vijana wa ukoo ule walikuwa wakiuvuta kwa aibu aibu, nami nikajiona kama bingwa mstaafu aliyeitwa uwanjani.

"Nipisheni," nikasema. "Hii ni kazi ya nyumbani."

Wakapandisha watoto sita nyuma na bakuli kubwa la saladi ya viazi. Nikaingia katikati ya mikono na kuinamisha mgongo, nikapaza sauti ya Kongowea: "Mzigo! Pisha!" Watu wakapiga makofi. Tambarare nikaimaliza kwa mwendo wa madaha. Kisha bustani ikaanza kuteremka.

Sasa, mkokoteni wa Mombasa una tairi kuukuu lililopigiliwa chini, nyuma. Ukitaka kusimama unainua mikono yake juu, tako linashuka, tairi linakwaruza lami, mzigo unatulia. Breki hiyo naijua mikononi, si kichwani. Mteremko uliponizidi, nikainua mikono juu.

Nyuma hakukuwa na tairi.

Tako la mkokoteni likashuka na mimi nikapanda. Nilining'inia kwenye gongo, viatu vikitafuta ardhi, huku watoto sita wakiteleza nje mmoja mmoja kama viazi vya gunia lililotoboka. Walitua nyasini salama, wakicheka, wakaomba turudie. Viazi vya bakuli havikuwa na bahati hiyo.

Jirani alinitoa pale akiwa na machozi ya kicheko. Kisha, tukiokota saladi, akaniambia kwa sauti ya chini habari za misafara miwili ya mwaka 1856 iliyochelewa kuondoka, theluji ikaikuta Wyoming, wakafa watu zaidi ya 200. Nyanya wa nyanya yake alikuwa humo, akiwa binti mdogo. Nikaacha kuokota kidogo.

Njiani kwenda kuoga, binti yangu akauliza: "Baba, na sisi painia wetu ni nani?" Nikampigia babu yake kwa video, nikamwonyesha mkokoteni. Mombasa ilikuwa saa tatu usiku.

Mzee akautazama kimya. "Breki yake iko wapi?"

"Hauna, baba."

"Na mmelipwa ngapi?"

"Tumevuta bure. Ni heshima kwa wazee."

Akanyamaza tena. "Mwanangu, mimi niliuvuta ili wewe usiuvute. Ukapanda ndege mpaka huko kuufuata?" Halafu, kabla sijajibu, akamwita binti yangu karibu na simu, akamwelekeza mahali pa kupigilia tairi.

Mwaka uliofuata mkokoteni wa jirani ulikuwa na kipande cha tairi nyuma, na binti yangu ndiye aliyeshika nyundo. Jirani huwaonyesha wageni kwa fahari, akisema ni ufundi wa mapainia. Wakimuuliza mapainia gani, hunitazama, nami hujibu: wa Kongowea.