Huyu Mwizi, Yule Msanii

Nimeitazama The Program, filamu ya Stephen Frears ya mwaka 2015 kuhusu Lance Armstrong, mwendesha baiskeli Mmarekani aliyetwaa mbio za Tour de France mara 7 mfululizo, kisha mwaka 2012 akavuliwa mataji yote kwa kutumia dawa za kuongeza nguvu. Unamwona bingwa kajilaza kama mgonjwa wa wodini, mfuko wa damu unaning'inia juu yake, damu inashuka kwenye mpira hadi mshipani. Kesho yake anaupanda mlima huku akitabasamu.

Kilichonichekesha ni kingine. Ben Foster, aliyemwigiza, alikiri mwenyewe kwamba ili auvae uhusika sawasawa, naye alitumia dawa za kuongeza nguvu, chini ya uangalizi wa daktari. Haya! Wa kwanza kaitwa mwizi. Wa pili kasifiwa kwa kujituma kazini. Kumbe Armstrong angetangaza tangu 1999 kwamba anaigiza tu ubingwa, leo angekuwa na tuzo kabatini.

Mimi tuzo yangu nampa David Walsh, mwandishi wa habari aliyeanza kumtilia shaka Armstrong mwaka huohuo wa 1999, akatukanwa, asinyamaze. Huyo ndiye aliyepanda mlima bila kuchomwa sindano.