Mheshimiwa Anataka Mubashara

Ukikaa Dodoma muda mrefu bila kuitwa mheshimiwa, jichunguze. Mzee ninayemtengenezea ripoti hajawahi kugombea hata ujumbe wa serikali ya mtaa, ila ana ghala la mafuta ya alizeti Chang'ombe na televisheni juu ya kaunta ambayo msimu wa Bunge haiguswi na mtu. Basi ni mheshimiwa. Na kila kitu anakitaka mubashara.

Chang'ombe ninayoisema ni hii ya Dodoma, si ile ya Temeke. Wewe msomaji umeelewa. Ramani ya kwenye ripoti haikuelewa. Siku ya kwanza ilibandika mauzo yetu yote Dar es Salaam, na mzee akauliza kwa upole ni nani aliyemfungulia tawi bila ridhaa yake.

Lakini ramani ilikuwa utani tu. Kasheshe ni lile swali ambalo Power BI, programu ninayotengenezea ripoti, humuuliza mtengeneza ripoti mapema kabisa: data utaichukuaje? Ukichagua Import, programu inanakili jedwali zima, inalibana, na ripoti inasoma hiyo nakala. Inafunguka upesi, ila haijui lolote lililotokea baada ya kunakili. Ukichagua DirectQuery, nakala hakuna. Kila unapogusa grafu, swali linakimbia hadi kwenye hifadhidata yenyewe na kurudi na jibu.

Mzee nilimweleza kwa lugha anayoipenda. Nikamkumbusha mwaka 2016, TBC ilipoacha kurusha vikao vyote vya Bunge mubashara na watu wakabaki na kipindi cha kurekodiwa. Nikasema, hiyo ndiyo Import: unaona vizuri, haikatikikatiki, ila waziri alishajibu zamani. DirectQuery ni kukaa ukumbini. Hakuningoja nimalize.

"Mwanangu, mwaka ule niliumia. Niweke ukumbini."

Akakaa ukumbini. Tatizo ni kwamba hifadhidata ya ghala inaishi ndani ya kompyuta ileile ya kaunta inayouzia. Mzee akajifungia kwenye kiofisi chake cha vioo na kishikwambi, kidole kikaanza safari: madumu ya lita 20, madumu ya lita 5, wiki hii, mwezi huu, turudi wiki hii. Ukurasa una grafu kadhaa, na kila grafu inapeleka swali lake. Kwenye kaunta mauzo yakaganda. Dada wa kaunta akaipiga makofi mashine ya EFD, ambayo haikuwa na kosa lolote. Foleni ikafika nje, bajaji zikaanza kupiga honi. Mzee kuona watu wamejaa na hela haiingii, akafanya jambo ambalo bosi yeyote makini angefanya: akafungua ripoti kuangalia kwa nini mauzo yamesimama. Kadiri alivyochunguza ndivyo yalivyozidi kusimama. Mteja mmoja akashauri mashine iombewe.

Tukahamia Import. Kwa leseni ya Pro, nakala inaweza kupangiwa kuhuishwa mara 8 kwa siku, lakini mzee alitaka moja tu, ya saa mbili asubuhi, chai ikiwa mezani. Kazi ya kupanga muda akampa mpwa wake aliyetoka chuo. Kijana akaandika 2:00, yaani saa nane usiku. Hata hilo lisingekuwa na ubaya, kwani data haijali giza. Anayejali ni mlinzi. Kila jioni alikuwa anazima kompyuta zote ili kuokoa Luku, pamoja na ile ya pembeni ya friji yenye programu ya getiwei, ambayo ndiyo njia pekee ya data kutoka ghalani kwenda mtandaoni. Uhuishaji ukishindikana mara 4 mfululizo, Power BI husimamisha ratiba yenyewe. Ikasimama. Ripoti ikabaki inapendeza, rangi zake zote zimo, namba ni za wiki iliyopita.

Ndipo akaja mteja kutoka Kondoa na Fuso, akifuata madumu ambayo mzee alimhakikishia kwa simu, kishikwambi mkononi. Madumu yalishauzwa kitambo. Mteja alipewa wali kuku na soda kwa gharama ya ghala, na hakucheka.

Baada ya hapo sikumuuliza tena mzee anataka mubashara au hataki, kwa sababu jibu nalijua. Nilimuuliza: ukishaiona namba hii, unafanya nini, na lini? Ikaonekana faida ya mwezi anaiangalia mara moja kwa wiki, kabla ya kuagiza mzigo Singida. Hiyo haihitaji ukumbi. Kinachohitaji ukumbi ni swali moja, dumu lipo au halipo, na jedwali la akiba lina mistari michache tu, kwa hiyo haliitesi kaunta.

Tangu 2018 Power BI inaruhusu kuchanganya namna hizi ndani ya ripoti moja. Mauzo ya miaka yote sasa ni Import. Akiba ya ghala ni DirectQuery. Jedwali la bidhaa, linalohitajika pande zote mbili, tumeliweka Dual: swali la mauzo linajibiwa kutoka kwenye nakala, la akiba linapelekwa kwenye hifadhidata. Mlinzi naye amekabidhiwa kwa maandishi kompyuta ya kaunta na ile ya pembeni ya friji, na amesaini.

Mzee anawaambia wageni kwamba ripoti yake yote ni mubashara. Mimi nanyamaza na kunywa chai. Nawe siku ukiombwa ripoti ya mubashara, kabla hujabonyeza chochote uliza hifadhidata inakaa kwenye kompyuta gani, na usiku inazimwa na nani.