Jinsi ya Kuuzuru Mji Mkuu Unaohama

Anayetaka kuuona mji mkuu wa Kongo hana kazi kubwa. Atashuka Kinshasa, atapita barabara kuu ya 30 Juni, atasimama ukingoni mwa mto na kuitazama Brazzaville iliyo ng'ambo, atapiga picha, amemaliza. Mwongozo huu haumhusu. Unamhusu yule anayeshuka Kamina na kuomba aonyeshwe mji mkuu mwingine, ule wa dola ya Waluba iliyotawala nchi ya kati ya Lomami na Lualaba kwa vizazi vingi kabla ya ukoloni.

Mwenyeji akikujibu kwa swali, "Mji mkuu wa mfalme yupi?", usidhani anakukwepa. Amekuonyesha njia.

Lakini tuanze na Kamina yenyewe, maana wageni wengi huichanganya na kile wanachokitafuta. Kamina ni mji wa reli. Njia inayotoka Bukama kwenda Ilebo, wakati huo Port-Francqui, ilikamilika mwaka 1928, na tawi la kwenda Kabalo likamalizika mwaka 1956. Tangu hapo mtu wa Lubumbashi anayekwenda Kasai na yule anayekwenda Kindu au Kalemie kwa treni lazima wapite hapa. Mwaka 2015 Katanga ilipogawanywa kuwa majimbo manne, Kamina ikawa makao makuu ya Haut-Lomami, ikapata gavana na bunge lake la jimbo. Ukionyeshwa majengo hayo, yatazame kwa heshima na uulize maswali ya maana, kwa sababu wanaokuonyesha wameisubiri hadhi hiyo kwa muda mrefu. Kambi ya jeshi iliyo nje ya mji, ambayo watu huiita Base, usiitolee simu wala kamera. Wabelgiji waliijenga baada ya Vita Kuu ya Pili, na ndipo askari wao wa miamvuli walipoondokea alfajiri ya tarehe 24 Novemba 1964, ndani ya ndege za Wamarekani, kwenda kushuka Stanleyville, yaani Kisangani ya leo. Jeshi bado lipo pale. Pita zako.

Sasa mji mkuu wenyewe. Kabla ya kukata tiketi, hakikisha unaweza kutaja majina matatu bila kusitasita: Nkongolo Mwamba, Mbidi Kiluwe na Kalala Ilunga. Nkongolo, katika simulizi za Waluba, ndiye mtawala wa kwanza, mkali na asiye na adabu ya kifalme, aliyekaa Mwibele karibu na ziwa Boya. Mbidi Kiluwe ni mwindaji mgeni aliyetoka mashariki, mtu wa staha, asiyekula mbele za watu. Kalala Ilunga ni mwanawe aliyezaliwa na dada yake Nkongolo, akakua shujaa, akakimbia mtego wa mjomba wake, akarudi na jeshi, akamshinda na kuweka makao yake Munza. Kwa hiyo hata katika mwanzo wake dola hii ina miji mikuu miwili, na wa pili haukujengwa juu ya wa kwanza. Mgeni asiyelijua hilo atazunguka porini akitafuta ukuta wa mawe.

Usitafute ukuta. Mulopwe, yaani mfalme, akishatawazwa hakuhamia nyumba ya aliyemtangulia. Alichagua mahali pake. Akajengewa uzio, nyumba za wake zake, na makazi ya wakuu wake: Twite, na Inabanza aliyezitunza mila na vitu vitakatifu vya ufalme. Watu wakasogea. Chumvi, chuma na samaki wa maziwa ya Upemba vikaanza kufika kama kodi. Mahali palipokuwa mbuga pakawa kitovu cha nchi, kwa muda wa uhai wa mtu mmoja.

Na akifa? Hapa ndipo ninapomwomba msafiri apunguze mwendo, kwa sababu sijui mji mkuu mwingine wowote duniani ulioaga hivi. Mji wa mfalme aliyekufa haukubomolewa wala haukupewa mrithi. Ulibaki kuwa wa marehemu, ukawa mahali patakatifu paitwapo kitenta, na aliyekabidhiwa ni mwanamke. Huyo aliitwa Mwadi. Roho ya mfalme ilishuka kwake, na tangu siku hiyo yeye ndiye aliyekuwa mfalme yule. Aliirithi nyumba yake, wakuu wake, hata wake zake. Alitunza kikapu chenye masalia ya marehemu. Mfalme mpya, pamoja na majeshi na fahari yake yote, alimpelekea zawadi na kusikiliza ushauri wake, kwa kuwa mbele ya Mwadi alikuwa mbele ya mtangulizi wake. Watafiti wa karne ya 20 waliwakuta bamwadi bado wakiheshimiwa vijijini.

Kwa hiyo kanuni ya kuzuru kitenta ni moja: nenda kama unayekwenda kwa mfalme aliye hai. Usiingie kwa haraka. Tanguliza mtu wa mahali hapo akuombee ruhusa. Usiulize kaburi liko wapi, na ukiambiwa mahali fulani hapafikiki, hapafikiki. Ukifika kwa mzee, inama kidogo, piga makofi polepole viganja vikiwa vimekutana, na umsalimu kwa Kiluba, "Wakomapo, tata." Zamani aliyemsalimu mfalme alijipaka pia vumbi au chaki nyeupe, pemba, kifuani na mikononi. Salamu hiyo huwezi kuiga kwa kujifurahisha, ngoja uelekezwe.

Jipe muda pia. Mwingereza Verney Lovett Cameron, aliyetoka pwani ya Bagamoyo mwaka 1873 akikusudia kumpelekea msaada msafiri David Livingstone, alifika Kilemba, jirani na makao ya mfalme Kasongo Kalombo, mwaka 1874, akakuta mfalme hayupo. Kasongo alikuwa safarini katika nchi yake, mji mkuu ukimfuata miguuni. Aliyempokea Cameron upande wa kifalme ni mke mkuu wa mfalme, Fume a Kenna, na aliyempa hifadhi njema ni mfanyabiashara wa pwani, Juma Merikani, aliyekuwa amepiga kambi pale. Fikiria hilo kidogo: katikati ya nchi ya Waluba, miaka mingi kabla ya reli, Kiswahili kilikuwa tayari kimekaa barazani, kikingoja na kufanya biashara. Cameron alisubiri hadi Januari 1875 ndipo mfalme akarudi. Msafiri wa leo anayenung'unika kwa sababu treni imechelewa Kamina na asome habari hiyo kwa makini. Tena asisahau kwamba biashara ile haikuwa ya nguo na shanga tu. Ilikuwa ya pembe na ya watu, na ndiyo iliyoidhoofisha dola yenyewe hadi wana wa Kasongo walipoanza kupigana wao kwa wao.

Vita hivyo ndivyo vinavyoeleza kwa nini ukiwa Kamina utasikia majina mawili ya kifalme na si moja. Ufalme uligawanyika kati ya Kasongo wa Nyembo, upande wa Kamina, na Kabongo, upande wa kaskazini, na serikali ya kikoloni ikaufanya mgawanyiko huo kuwa mpaka wa machifu wawili. Kasongo wa Nyembo hakuukubali utawala huo kirahisi; alipambana nao hadi mwaka 1917. Usimwulize mwenyeji yupi kati ya hao wawili ndiye wa kweli. Wewe ni mgeni.

Baada ya miguu kuchoka, tumia masikio. Alama ya Kamina iliyosafiri mbali kuliko zote haina tofali hata moja: ni misa. Padri Guido Haazen, Mfransisko kutoka Ubelgiji, alikusanya wavulana wapatao 45 na walimu wao, akawaacha waimbe Kilatini kwa sauti za nyumbani. Misa hiyo, Missa Luba, iliimbwa kwa mara ya kwanza tarehe 23 Machi 1958 katika misheni ya Mtakatifu Bavo, hapa Kamina, na mwaka huohuo kwaya ikazunguka Ulaya na kuimba kwenye maonyesho ya dunia ya Brussels. Sikiliza Kyrie yake: imejengwa juu ya kasala, utungo wa kuomboleza na kuwataja wahenga. Kuyaita majina kwa mpangilio, mmoja baada ya mwingine, hiyo ni kazi ya baraza la mfalme. Watu wa London na New York walioinunua santuri ile walisikia ngoma. Wewe sikiliza majina.

Na kama bado unataka ramani, ipo. Inaitwa lukasa. Ni ubao wa mbao unaotosha kiganjani, uliopambwa kwa shanga na kuchongwa alama, na wenye kuusoma ni watu wa chama cha Mbudye, wanaume na wanawake waliofunzwa historia ya ufalme. Msomaji huushika kwa mkono wa kushoto na kupitisha kidole cha kulia juu ya shanga. Shanga kubwa iliyozungukwa na ndogondogo yaweza kuwa mfalme na baraza lake. Mstari waweza kuwa safari au njia. Alama nyingine ni maziwa, vitenta, mahali pa roho. Ubao uleule husomwa tofauti kulingana na mkutano na mahitaji ya siku. Mji mkuu unaohama ulihitaji ramani inayosomwa kwa sauti, na Waluba waliichonga.

Linganisha na wakoloni. Nao walihamahama: makao ya utawala wao yalianzia Vivi, yakahamia Boma mwaka 1886, na katika miaka ya 1920 yakapelekwa Léopoldville, jiji lililoitwa Kinshasa tangu 1966. Walipoondoka Vivi hawakumwachia mtu yeyote roho ya mahali pale. Kila ninaposoma juu ya Vivi namfikiria Mwadi, na naona ni nani kati yao aliyejua kuendesha dola.

Sehemu ya mwisho ya safari inahitaji viza. Mbao za lukasa pamoja na viti vya kifalme vilivyochongwa mwanamke aliyebeba kiti kichwani vimetawanyika katika majumba ya makumbusho: vipo Tervuren karibu na Brussels, kipo kitu kama hicho Brooklyn. Ukifika, utavikuta vizuri, vimeangazwa, vimeandikiwa kibao cha maelezo, na haviguswi. Hapo fanya hivi. Soma kibao, kisha mtafute mhusika wa makumbusho na umwulize kwa adabu ni lini mara ya mwisho ubao ule ulisomwa, maana yake ulishikwa na mtu wa Mbudye na kupitishiwa kidole mbele ya watu. Akisema hajui, mwombe anwani ya kuandikia barua. Andika kwamba Kamina kuna gavana, kuna machifu, kuna vijana waliosoma na wazee wanaokumbuka, na kwamba nauli ya msomaji mmoja kutoka Haut-Lomami ni ndogo kuliko bima ya kioo kile. Weka jina lako chini, ubakize nakala, na uipeleke kwa chifu anayelibeba jina la Kasongo wa Nyembo utakaporudi.