Mama Mkwe Hayuko Kwenye Picha

Usinidanganye ati tundu ni kitu rahisi. Mabati yangu hapa Kitui yana matundu ya misumari mpaka mvua ikinyesha tunahamisha kitanda. Na saa sita mchana kila tundu linaangusha sakafuni duara la mwanga, upana wa sarafu ya shilingi. Hata tundu lenye pembe, duara ni duara tu. Jirani yangu, mwalimu mstaafu wa fizikia, akaniambia hiyo ni picha ya jua lenyewe. Nyumba yako ni kamera, Baba Mwende. Ati Ibn al-Haytham alichunguza mambo hayo huko Cairo karibu miaka 1000 iliyopita. Mimi nikasikia neno moja. Kamera. Ya bure!

Nikachukua mkebe wa mafuta ya kupikia. Nikapaka rangi nyeusi ndani, na shati pia. Nikatoboa kwa msumari. Mwalimu akacheka mpaka akatafuta pa kukaa. "Hilo ni dirisha." Haya. Nikanunua sindano nyembamba kuliko zote pale Kalundu, nikadunga kwa ncha tu, tundu hata chawa hapiti. Bado! Ati likizidi udogo, mwanga unatawanyika ukipita, picha inakuwa ukungu. Sasa jamani, kubwa baya, dogo baya. Mkebe wa sentimita 10 unataka tundu la milimita 0.4 hivi. Rula yangu inaishia milimita moja, na hiyo yenyewe naiona kwa miwani ya mke wangu.

Mwalimu ana njia yake. Eti ukate kipande cha mkebe wa soda, ndicho kitabeba tundu. Ukilaze juu ya kadibodi. Uzungushe ncha ya sindano polepole, usitoboe, mpaka kipele kitokeze upande wa pili. Usugue kipele kwa msasa laini. Uzungushe tena. Usugue tena. Kingo zikibaki na meno, umepoteza siku. Fundi wa saa akaniazima lenzi yake ya jicho nikague, akanisimamia kichwani nisije nikahepa nayo.

Nikapanda gari na mkebe wangu mpaka Wote kwa wakwe. Mama mkwe juu ya kigoda, kiondo miguuni, jua la Makueni linawaka. Karatasi ya picha ndani ya mkebe inataka mwanga karibu dakika nzima, kwa hivyo asitikisike. Wewe, utamwambiaje mama mkwe asitikisike? Sisi hata kumtazama usoni ni kesi. Nikamwambia kigoda. Nzi akaja, akampunga. Mbuzi akaingia kwenye ndengu. Mama akainuka, akamfukuza, akamtukana kidogo, akarudi kuketi na heshima zake zote.

Picha nikaisafishia bafuni kwao, blanketi mlangoni, dawa ndani ya besheni, shemeji nje wakiuliza napika nini humo. Ikatokea. Nyeusi imekuwa nyeupe, nyeupe imekuwa nyeusi. Kigoda kipo. Kiondo kipo. Juu ya kigoda kuna moshi uliovaa leso.

Mama akaishika kwa mikono miwili. "Baba Mwende, kwani mimi nimekufa?"

Nikampigia mwalimu simu. Hajauliza habari ya mama. Anataka kujua kama mistari ya kiondo inahesabika. Inahesabika. Basi, anasema, tundu lako ni safi kabisa.