Barua ya wazi kwa Mwenyekiti wa Bodi ya Kimataifa ya Viwango vya Uhasibu

Mheshimiwa Mwenyekiti,
London, Uingereza.

Naomba radhi kwa kubisha hodi bila kualikwa. Mimi ni mwalimu wa uhasibu, na wanafunzi wangu husoma viwango vyenu kwa makini kama wasomavyo sheria za nchi. Kenya ilianza kuvitumia 1999, Tanzania 2004. Neno lako moja, mheshimiwa, hufika hadi mashamba ya chai ya Kericho na misitu ya Mufindi, ndiyo maana nikathubutu kushika kalamu.

Natanguliza shukrani. Kabla ya Mei 2011 maelekezo ya kupima thamani ya haki yalitawanyika katika viwango vingi, na hayakupatana kila mara. Kiwango chenu cha 13 (IFRS 13), kilichotolewa mwezi huo, kiliyakusanya: thamani ya haki ni bei ambayo kampuni ingepokea ikiuza mali, au ingelipa ikihamisha deni, katika mauziano ya kawaida ya sokoni siku ya kupima. Bei ya mtu aliyebanwa na shida haihesabiwi. Mlisikia pia kilio kuhusu madeni, maana kampuni iliyopungukiwa uaminifu machoni pa wakopeshaji iliweza kuandika faida kwa sababu tu madeni yake yenyewe yameshuka thamani. Mlango huo mmeufunga kwa sehemu kubwa, nasi tunawashukuru kwa dhati.

Ombi langu linahusu ngazi ya tatu ya kupima thamani hiyo. Hisa inayouzwa kila siku Nairobi au Dar es Salaam ina bei inayoonekana na kila mtu. Hiyo ni ngazi ya kwanza. Shamba la mikaratusi ambalo halijafikia kuvunwa halina bei ya namna hiyo, nalo ndilo la ngazi ya tatu. Kampuni hukadiria magogo yatakayopatikana, bei ya wakati huo na gharama, kisha huzishusha fedha hizo hadi thamani ya leo kwa kiwango cha punguzo.

Tuseme miti italeta shilingi milioni 100 baada ya miaka 10. Kwa punguzo la asilimia 10, leo ina thamani ya milioni 38.6. Kwa asilimia 14, ni milioni 27. Hakuna mti uliokatwa wala kuungua, na watathmini wawili waadilifu wanaweza kutofautiana hivyo. Tena, kwa Kiwango cha 41 (IAS 41), kinachohusu kilimo, badiliko hilo huingia moja kwa moja kwenye faida au hasara ya mwaka. Mwanahisa huiona faida, huuliza gawio liko wapi, na fedha bado ziko porini.

Kwa ruhusa yako, mheshimiwa, naomba uitazame aya ya 93 ya Kiwango cha 13. Kwa mali na madeni ya kifedha ya ngazi ya tatu, kampuni hutakiwa kuonyesha kwa tarakimu badiliko la thamani, kama makadirio mengine yanayowezekana yangeibadilisha sana. Kwa miti, ardhi na majengo, maneno yanatosha: punguzo likipanda, thamani itashuka. Ni kweli, lakini mstaafu aliyeweka kiinua mgongo chake kwenye hisa hawezi kujua kama itashuka kidogo au kwa karibu theluthi, kama katika mfano wangu.

Najua wengine watataja gharama. Lakini kampuni iliyokwisha kufanya hesabu hiyo kwenye kompyuta inahitaji tu kubadilisha tarakimu moja na kuandika jibu.

Juni 2014 mliwasikiliza watu wa mashamba, mkaiondoa michai na michikichi kwenye kipimo cha thamani ya haki cha Kiwango cha 41 na kuyaacha humo mazao yaliyo juu yake. Kwa moyo uleule, nakusihi kwa unyenyekevu: siku mtakapokifungua tena Kiwango cha 13, takwa hilo la tarakimu liguse pia miti, ardhi na majengo ya ngazi ya tatu. Kama nimevuka mpaka wa adabu popote, naomba unisamehe.

Wako mtiifu,
Mwalimu wa uhasibu, Iringa